Maji ya Juu

Kuna neno moja ambalo hutalikuta kwenye maandishi haya hata ulitafute kwa tochi. Ni jina la kile kinachodondoka kutoka mawinguni, kinachogonga mabati na kuwatoa wanawake mbio kwenda kuanua nguo. Mimi nakiita maji ya juu. Nimekiita hivyo tangu nilipoolewa, na kama si hayo maji ya juu, leo nisingekuwa nimekaa kwenye kibaraza changu hapa Gahanga, kusini mwa Kigali, nikiandika. Ningekuwa nimepanga chumba mahali fulani, mimi na hasira zangu.

Nieleze, maana msomaji hana kosa. Kwetu Wanyarwanda kulikuwa na desturi inaitwa gutsinda. Mke hataji jina la baba mkwe wake, wala neno lolote linalofanana nalo. Kama baba mkwe jina lake linakaribiana na neno la jembe, basi jembe utalitafutia jina lingine, na utalima nalo hivyo hivyo mpaka ufe. Vijana wengi wa Kigali siku hizi hawaijui, au wamesikia tu bibi zao wakiitaja. Mimi nilizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, katika familia ya wakimbizi, na wakimbizi hushika desturi kuliko waliobaki nyumbani, kwa sababu hawana kingine cha kushika. Asubuhi ya harusi yangu, bibi mzaa mama aliniketisha jikoni akanitajia jina la baba wa mume wangu mara moja tu, kwa kunong'ona, ili nijue ninachokwepa. Lilitokana na neno la Kinyarwanda la hicho kinachodondoka, na neno la Kiswahili limefanana nalo kama ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo nikapoteza maneno mawili kwa mpigo.

"Bibi," nilimwambia, "huyo mzee alishakufa. Hata sikumwona."

"Wafu ndio wenye masikio," akasema, akaendelea kunipaka siagi mwilini, kama wapakwavyo maharusi kwetu.

Mume wangu aliliona jambo hilo kuwa mchezo mzuri sana. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye utani wa chini kwa chini, na katika ndoa yetu yote hakuchoka kunitega. Angerudi kazini amelowa chapachapa, asimame mlangoni na kuniuliza, "Mke wangu, hebu niambie, ni nini hiki kimenilowesha?" Nami ningemjibu, "Ni ujinga wa kusahau mwavuli." Hakunishinda hata siku moja. Nadhani alijivunia kushindwa huko.

Tulifunga ndoa kanisani, kule kule Karagwe, mbele ya padri na ndugu zetu wengi, mama mkwe wangu akiwa benchi la mbele na khanga mpya. Mwaka uliofuata tukarudi Rwanda kwa lori, sisi na familia nyingine na magodoro yao. Cheti cha ndoa kilikuwa ndani ya sanduku la mbao pamoja na nguo zangu. Lori halikuwa na turubai. Tulipofungua sanduku huku Kigali, cheti kilikuwa kimegeuka uji, na rangi ya khanga ilikuwa imeingia ndani yake.

"Baba yako ameifuta ndoa yetu," nilimwambia mume wangu.

"Basi ameturudisha kwenye uchumba," akasema. Tulicheka, tukautupa ule uji.

Niseme ukweli, ule uchumba ulikuwa mtamu. Mimi nilifungua kibanda cha ushonaji Kicukiro, nikawa nashona mishanana, yale mavazi ya wanawake ya kufungwa begani, na nguo za sherehe za posa. Mume wangu aliajiriwa kwenye ghala, na baadaye, viwanda vilipohamia Masoro, akahamia navyo na kuwa msimamizi wa mizigo. Tulinunua kiwanja Gahanga, na shamba dogo chini yake, wakati huku kote kulikuwa mtama na mihogo, na marafiki wakatuuliza kama tunahamia Burundi. Tulijenga chumba kimoja, kisha viwili, kisha tukamleta mama mkwe akae nasi. Mtoto hatukupata. Tulisikitika kwa muda wake, kisha tukawa na mambo mengine.

Mama mkwe, ambaye mimi namwita Mabukwe kama inavyompasa mkazamwana wa Kinyarwanda, si mtu wa maneno. Miaka yote aliyokaa nami, sifa kubwa aliyowahi kunipa ni kusema kwamba maharage yangu yanaiva. Hakuniita mwanangu, aliniita "wewe". Nilimheshimu, nilimwogesha alipougua mgongo, na niliamini kabisa kwamba hanipendi. Nilikuwa nimeshaizoea hali hiyo kama unavyozoea mlango unaolia.

Sasa, kosa letu. Hapa Rwanda ndoa ambayo watu wote wanaijua ni ile ya serikali. Wawili wanasimama mbele ya ofisa wa umurenge, yaani kata, wanashika bendera ya taifa kwa mkono mmoja na kuinua mwingine, wanaapa. Kuna wakati viongozi huwaita wote wanaoishi pamoja bila kiapo hicho, waje waape siku moja kwa pamoja. Ni sherehe nzuri. Unakuta bwana harusi ana wajukuu, bibi harusi anafuta pua ya mtoto kwa shela yake. Wengi wao nimewashonea mimi. Nasi tuliitwa, kwa sababu kwenye vitabu vya serikali tulikuwa watu wawili wasio na uhusiano.

Mume wangu alikataa. Alisema, "Kufunga ndoa mara ya pili na mke yule yule ni kumwambia Mungu kwamba mara ya kwanza hakusikia." Nami nikamuunga mkono, maana nilikuwa na kiburi changu. Sisi tulikuwa na ndoa ya padri na mashahidi, tukajipange foleni na watu waliokutana baa? Ndivyo tulivyo sisi tuliorudi kutoka Tanzania. Kule padri akishafungisha ndoa, serikali nayo imefungisha, na mtu harudii. Hatukufikiri kwamba huku hakuna aliyekuwepo kanisani siku ile. Wapima ardhi walipokuja kuandikisha viwanja, waliuliza uthibitisho wa ndoa, hatukuwa nao, wakaandika jina lake peke yake. "Tutarekebisha," alisema. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo lililoumia lilikuwa langu.

Alikufa ghafla, moyo, kazini, akiwa anahesabu mifuko ya mchele. Siku zile sizikumbuki vizuri na sitajifanya nazikumbuka. Nakumbuka siku ya kuondoa kilio, ambayo kwetu hufanyika baada ya wiki ya msiba. Ndugu na majirani hukusanyika, wanakunywa kidogo, na msemaji wa familia husimama kushukuru watu na kueleza mambo ya marehemu yatakavyokwenda. Msemaji alikuwa shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, mtu wa ofisi ya Kimihurura, suti safi, sauti nzuri. Alimshukuru kila mtu. Aliwashukuru wakazi wa mtaa, wafanyakazi wa ghala, kwaya. Kisha akasema, "Na tunamshukuru pia mama huyu aliyekuwa akikaa na kaka yetu."

Aliyekuwa akikaa na kaka yetu. Nilikuwa nimeshika sinia la vikombe, na jirani yangu alilichukua mikononi mwangu kabla halijaanguka. Tangu siku ile shemeji hakuniita tena shemeji. Nilikuwa mama huyu.

Alirudi baada ya muda kuongea nami uani. Kwa haki yake, hakuja kwa matusi. Alisema nyumba ni ya kaka yake, kaka hakuoa kisheria wala hakuacha mtoto, kwa hiyo mali inarudi kwa ukoo, itauzwa, na mama atahamia kwake. "Na wewe tutakufikiria," akasema.

Nilimwambia anifikirie kuanzia sasa hivi, na aanze kwa kutoka uani kwangu. Akatoka. Nilikaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa nikaanza kuhesabu vyombo vya kufungasha.

Kwa sababu, unaona, niliamini kwamba ana haki. Kila mtu aliniambia hivyo. Wateja wangu, wenzangu wa kanisani, hata fundi mwenzangu wa kibanda cha jirani, wote walitikisa kichwa: ndoa isiyoshika bendera si ndoa. Niliogopa. Niliogopa kulala mahali ambapo sikupiga plasta kwa mkono wangu. Niliogopa kwamba nimekuwa hawara wa mume wangu mwenyewe bila kujua, na kwamba yeye kule alipo hawezi kuja kusema lolote. Na shemeji, nikifikiria leo, hakuwa mwongo. Baba yao alipokufa yeye alikuwa mdogo, akachukuliwa na mjomba kwenda Kampala, akakulia huko. Hakuwepo Karagwe siku ya harusi yetu. Alichokiona ni kaka yake na mwanamke mmoja, na hakuna karatasi.

Jambo likaenda kwa abunzi, wapatanishi wa akagari, sehemu ndogo ya umurenge, ambao ni watu wa mtaani waliochaguliwa kusikiliza migogoro kabla haijafika mahakamani. Walikuwa watatu nyuma ya meza, na mwenyekiti wao alikuwa mama wa makamo anayeuza vitenge sokoni, mwenye miwani na subira ya ajabu. Kikao kilikuwa wazi, kwa hiyo majirani walikuja, wengine kwa ajili yangu na wengine kwa sababu hawakuwa na kazi. Mabukwe naye alikuja na fimbo yake. Hakuna aliyemwita. Aliangalia mabenchi, akaenda kukaa upande wa mwanawe.

Sitasema haikuniuma. Nilijiambia, haya, damu ni damu, na nikaangalia ukutani.

Kikao kilikuwa kwa Kinyarwanda, nami nakiandika kwa lugha ninayoandikia. Mwenyekiti alianza kwa upole. Aliniuliza jina langu, nikasema. Jina la marehemu, nikasema. Kisha akauliza, akiwa ameinamia daftari lake kama mtu anayeuliza jambo dogo, "Na baba wa marehemu aliitwa nani?"

Nikatazama fimbo ya Mabukwe.

Akainua kichwa. "Mama, baba mkwe wako. Jina lake."

"Naomba mumuulize mtu mwingine," nikasema.

Shemeji akasimama. Hapo ndipo sauti yake nzuri ilipomsaidia. "Mwenyekiti, mnaona wenyewe. Anasema alikuwa mke wa kaka yangu miaka yote hii, na jina la baba yetu halijui. Ni mke gani asiyejua jina la baba mkwe? Mwulizeni tena."

Mwenyekiti akaniuliza tena. Watu wakaanza kunong'onezana. Nami nililijua jina lile kuliko ninavyojua jina langu. Ulimi ulilifikia mlangoni, ukarudi. Nilijiambia, mjinga wewe, ni neno tu, unapoteza nyumba kwa ajili ya neno ambalo hata watangazaji wa redio wanalisema kila asubuhi. Sikunyamaza kwa utakatifu, naomba nieleweke. Nilinyamaza kwa sababu Mabukwe alikuwa amekaa pale, na mbele yake sijawahi kulitaja, na mdomo wangu haukujua jinsi ya kuanza. Nilihisi machozi yanakuja, na mimi kulia mbele za watu nachukia kuliko kufukuzwa.

Ndipo fimbo ikagonga sakafu. Mabukwe alikuwa anasimama, na ilimchukua muda, na kila mtu akamsubiri.

"Muulizeni," akamwambia mwenyekiti, "ni nini kinachodondoka kutoka mawinguni na kulowesha nguo."

Mwenyekiti akamtazama, akanitazama. Sidhani alielewa bado, lakini aliuliza. "Mama, ni nini kinachodondoka kutoka mawinguni?"

"Maji ya juu," nikasema.

Majirani wakacheka, si kwa ubaya, wakacheka kama watu waliosikia jambo la kila siku limefika mahali pa heshima. Mwenye duka wa mtaani kwetu, Mwislamu wa asili ya Nyamirambo anayeuza sukari na muda wa maongezi, alinyanyua mkono na kuomba kusema, na akasema kwa Kiswahili chetu cha Kigali kwa sababu ndicho anachokiweza kwa raha.

"Mama mwenyekiti, huyu mama iko anasema ivyo siku zote. Mimi nilijua ni Kiswahili ya Tanzania. Hata mimi niko nasema kwa duka, na watoto yangu wote. Maji ya juu iko inakuja, funga dirisha. Kumbe si Kiswahili?"

"Si Kiswahili," Mabukwe akasema, maana anakielewa vizuri, alikaa Karagwe miaka mingi kuliko mimi. Kisha akarudi kwenye Kinyarwanda na kumgeukia mwanawe. "Ni kukwepa jina la baba yako. Siku alipoolewa nilikuwa benchi la mbele, nikamwona akila kiapo kwa padri. Tangu siku ile hajalitaja, wala neno linalokaribiana nalo. Miaka yote nimekaa nyumbani kwake nikimsikiliza. Nimemsikiliza akiwa na furaha, akiwa na hasira, akiwa anaumwa na homa ambayo mtu husema chochote. Mchepuko hafanyi hivyo. Mpangaji hafanyi hivyo. Mtu hujinyima neno kwa ajili ya wakwe tu." Akapumua. "Nyinyi wanangu mnalitaja, ndiyo. Mnalitaja mkitaka kiwanja."

Halafu akakaa. Safari hii alikaa upande wangu, kwa sababu ndiko kulikokuwa na nafasi karibu, au kwa sababu nyingine ambayo sijamuuliza.

Miaka yote amekuwa akinisikiliza! Mimi nikidhani hanioni, kumbe kila asubuhi yenye mawingu alikuwa ametega sikio aone kama nitateleza. Nilifurahi na nikaona aibu kwa pamoja, na yale machozi niliyokuwa nimeyazuia yakatoka bila kuniomba ruhusa.

Shemeji alimgeukia mama yake. Kisha akasema, "Mama, sikujua jambo hili. Kampala hawakunifundisha." Akasema vilevile kwamba hatabisha tena kuwa nilikuwa mke wa kaka yake. Ilimgharimu, niliona, na ninamshukuru kwa hilo, kwa sababu mtu anaweza kujua ukweli akaendelea kubisha kwa ajili ya suti yake.

Lakini mwenyekiti alikuwa mtu wa kazi yake. Alivua miwani akaifuta. "Desturi hii ni nzuri," akasema, "lakini desturi haigawi ardhi. Mama, hicho kiapo cha padri mlikila wapi?"

Nikamweleza. Karagwe, kanisani, Tanzania.

"Na kwa sheria ya kule ndoa ya kanisani ni ndoa?"

"Ndiyo. Kule ikifungwa kanisani serikali inaitambua."

"Basi hukuhitaji bendera yetu," akasema. "Ndoa iliyofungwa nje kwa kufuata sheria ya huko, hapa inatambulika. Unachohitaji ni kutuletea uthibitisho wake. Hakuna aliyekuambia?"

Hakuna aliyeniambia. Mtaa mzima ulikuwa umenizika pamoja na mume wangu kwa ajili ya bendera, nami nilikuwa nimeshika jembe kuwasaidia. Mwenyekiti alitupa muda wa kuleta uthibitisho. Nikitoka alinishika mkono na kuniambia kwamba na yeye alikuwa na bibi aliyekuwa na jina lake mwenyewe kwa ajili ya sufuria, na kwamba hakuwahi kufikiria sababu yake mpaka leo. Mwanamke yule namwombea mema kila nikipita sokoni, na vitenge nanunua kwake hata kama kwingine ni bei nafuu.

Nilikuwa nimepanga kwenda Karagwe peke yangu. Asubuhi ya safari nilimkuta Mabukwe amekaa sebuleni, amevaa viatu, amefunga kitambaa, ana maharage ya kuchemsha kwenye kopo. "Watataka shahidi," akasema. Tulipita Rusumo, mpakani, tukavuka daraja kwa miguu kama wasafiri wengine, yeye akinishika kiwiko, maporomoko yakinguruma chini yetu. Katikati ya daraja alisimama na kutazama upande tulikotoka na upande tulikokuwa tunakwenda. Nilidhani anaomba. "Lile lori," akasema. "Nilimwambia mwanangu aweke turubai."

Parokia walikuwa na kumbukumbu zao, walitupa cheti kingine, na mzee mmoja wa kanisa alimkumbuka Mabukwe kwa sababu waliwahi kugombana kuhusu mbuzi. Walisalimiana kwa furaha kubwa. Tuliporudi, abunzi walipokea cheti, taratibu nyingine zikafuata kwenye umurenge, na polepole, kwa jinsi mambo ya ofisi yanavyokwenda, nikawa mjane kwenye vitabu. Watu husema kuwa mjane kama vile ni bahati mbaya tupu. Mimi siku ile nilipoandikwa mjane nilirudi nyumbani nikapika wali, kwa sababu huwezi kuwa mjane bila kuwa umekuwa mke.

Nyumba ilibaki kwangu. Kwa kuwa hatukuwa na mtoto, sheria iliwapa ndugu wa marehemu sehemu yao, na tulikubaliana wachukue lile shamba la chini, karibu na njia ya kwenda Bugesera. Sikuona uchungu. Shemeji amepanda parachichi pale, na Jumapili nyingine anapita kumwona mama yake, anakuja na mkate, anapiga hodi na kusema, "Shemeji, tumefika." Siku ya kwanza aliposema hivyo nilijifanya natafuta ufunguo, nikakaa nyuma ya mlango kidogo ndipo nikafungua.

Mume wangu nilimkasirikia kwa muda. Nilikuwa naiambia picha yake, ungekubali tu kushika ile bendera, mtu mrefu wewe, mkono ungefika vizuri. Lakini siku hizi namshukuru zaidi kuliko ninavyomlaumu. Ni yeye aliyenitega miaka yote ile mlangoni, akiwa amelowa, akiniuliza ni nini. Kila aliponitega nilizidi kuwa mkaidi, na mama yake chumba cha pili alikuwa anasikia yote.

Mabukwe sasa hatoki sana. Hukaa na mimi kibarazani mchana, mimi nikishona kwa mkono, yeye akitazama paa mpya za majirani na kusema zimejengwa vibaya. Majuzi mawingu yalianza kukusanyika juu ya kilima, akayatazama muda mrefu.

"Litaje," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri. "Nini, Mabukwe?"

"Jina. Mimi sijawahi kumwita kwa jina, mke wa enzi zetu hamwiti mumewe hivyo. Wanangu wakilitaja wanataja ardhi. Hakuna anayelitaja tena kwa ajili yake mwenyewe. Nakuruhusu. Nataka kulisikia kabla sijaondoka, na nataka kulisikia kwako."

Niliweka sindano chini. Bibi yangu kule aliko anisamehe. Nililitaja, jina la mtu ambaye sikumwona, na lilitoka dogo na lenye kutu, kama neno la mgeni anayejifunza lugha. Mabukwe alifumba macho.

"Unalisema Kitanzania," akasema. "Tena."

Nikalitaja tena, polepole. Akatikisa kichwa, akatabasamu, akakaa nalo kidogo. Upepo ukaanza kuinua vumbi njiani.

"Haya, mwanangu," akasema, "kaanue nguo. Maji ya juu yanakuja."